Hodi Hewani: Historia ya Kutumia Mawasiliano ya Mwenzio Katika Nchi ya Mara

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo kwingineko Tanzania, mtu anayeunganisha simu yake na intaneti isiyo yake husemwa kuwa amedandia, na neno hilo limetoka kwa kijana anayening'inia nyuma ya lori lililopunguza mwendo mlimani, ambaye hakumpokonya dereva kitu cha kushikika wala hakuvunja kufuli, lakini pia hakulipa nauli na hakuomba lifti. Mtandao unaodandiwa ni ule usiotumia waya, unaojulikana kwa jina la Wi-Fi, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayotoka katika kifaa kiitwacho ruta na kuisambaza ndani ya nyumba, ofisi au hoteli ile intaneti iliyofika hapo kwa waya, kwa mnara wa simu au kwa setilaiti. Mtandao huo huitwa wazi pale ambapo mwenyewe hakuuwekea nywila, na swali la kisheria linalozaliwa hapo ni kama kuuacha wazi ni kumkaribisha mpita njia au ni kusahau tu kufunga mlango. Swali hilo hudhaniwa kuwa limeletwa na simu janja, ilhali kwa umbo lake limekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, likiulizwa upya kila chombo kipya cha mawasiliano kilipofika katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, na majibu yaliyotolewa na watu wa huko kabla ya intaneti yana mengi ya kuielekeza sheria ya leo.

Mawasiliano ya kwanza yasiyo na waya katika eneo la ziwa yalikuwa mali ya dola na chombo cha vita. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali ya Wajerumani ilikuwa imejenga vituo vya redio Mwanza na Bukoba, ili maagizo yasitegemee nguzo na nyaya ambazo tembo, mvua au adui angeweza kuziangusha. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliondoka Kisumu kwa meli za ziwani, yakalikata ziwa na kuishambulia Bukoba, na shabaha kubwa ya safari hiyo ilikuwa kukiharibu kituo cha redio, jambo ambalo walifanikiwa kulitenda. Tukio hilo hukumbukwa na wanahistoria wa kijeshi kama mapigano madogo katika vita vikubwa, lakini kwa historia ya mawasiliano lina maana nzito zaidi, kwa sababu linaonyesha tabia ya mawimbi ambayo sheria zote za baadaye zimehangaika nayo: wimbi likishatoka mlingotini halina mpaka wala ukuta, linamfikia rafiki na adui kwa usawa, na anayetaka kulizuia hana budi kumshughulikia mwenye mlingoti.

Sheria za Uingereza zilijengwa juu ya mantiki hiyohiyo. Tangu mwaka 1904 ilikuwa marufuku nchini Uingereza kuweka au kuendesha chombo cha mawasiliano yasiyo na waya bila leseni ya serikali, na utangazaji wa redio ulipoanza kuenea, mwaka 1922, msikilizaji wa kawaida naye alitakiwa kulipia leseni ya shilingi 10 kwa mwaka ili awe na haki ya kumiliki kipokezi. Fikra iliyokuwa nyuma ya sheria hizo, ambayo Waingereza walikwenda nayo katika makoloni yao na katika nchi walizokabidhiwa, Tanganyika ikiwemo, ilikuwa kwamba anga la mawimbi ni la dola, na kwamba raia huingia humo kwa kibali. Inafaa kuangalia kwa makini kile ambacho fikra hiyo ilikiuliza na kile ambacho haikukiuliza: iliuliza nani anamiliki chombo, wala haikuuliza nani anasikia kinachotoka katika chombo hicho.

Pengo hilo ndilo lililoacha nafasi ya desturi kukua. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na katika miaka yote hiyo redio moja ilikuwa na masikio mengi. Vijijini, ambako betri zilikuwa ghali kuliko taabu ya kutembea, mwenye redio aliiweka nje jioni na majirani wakaketi kuizunguka. Serikali yenyewe iliijenga desturi hiyo kuwa utaratibu wa elimu: katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walijifunza usafi na kinga ya maradhi kwa kukusanyika katika vikundi, kila kikundi kikisikiliza redio moja na kujadiliana baada ya kipindi. Jirani aliyesikiliza taarifa ya habari kutoka katika redio ya mwenzake hakuonekana kuwa mkosaji, na sababu zake zilikuwa mbili zilizofungamana. Kwanza, matangazo yalikusudiwa kumfikia kila mtu. Pili, betri za mwenye redio hazikuisha upesi zaidi kwa sababu wasikilizaji walikuwa kumi badala ya mmoja, kwa hiyo ukarimu wake haukumgharimu kitu. Sababu ya kwanza bado inasimama katika sheria hadi leo. Ya pili ndiyo iliyovunjika intaneti ilipokuja, kwa kuwa bando, yaani kiasi cha data kilicholipiwa kabla, hupungua kila mtu wa pembeni anapokitumia.

Mfano ulio karibu zaidi na suala la mtandao wa mwenzio haupatikani katika redio, unapatikana katika sanduku la posta na katika simu ya upepo, na hapo ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda. Posta za Afrika Mashariki hazikuwa na kawaida ya kupeleka barua mlangoni. Barua ilikwenda katika sanduku lililokodiwa, na aliyekodi sanduku mjini Musoma alikuwa idara ya serikali, misheni, shule, chama cha ushirika, mfanyabiashara au mtumishi mwenye mshahara. Mkulima wa Butiama hakuwa na sanduku, wala hakuhitaji kuwa nalo, maana barua ya mwanawe aliyekuwa Tabora au Dar es Salaam ingeweza kuandikwa kwa jina lake na kupitishwa katika sanduku la shule ya msingi au la parokia, na bahasha ikatamka wazi kwamba inafika kwa hisani ya fulani. Maelfu ya Watanzania waliosoma, waliooa, walioomba kazi na waliopata habari za misiba kati ya miaka ya 1950 na 1990 walifanya hivyo kupitia sanduku ambalo hawakulilipia hata senti moja.

Lakini matumizi hayo yalikuwa na kanuni, na kanuni hizo, ingawa hazikuandikwa, zilijulikana na kila aliyezitumia. Mwenye sanduku alikuwa ameombwa na amekubali. Jina lake liliandikwa juu ya bahasha, kwa hiyo ukarimu wake ulionekana na kushukuriwa. Barua ya mgeni haikufunguliwa na mwenye sanduku, na mgeni naye hakulitumia sanduku hilo kwa jambo ambalo lingemletea mwenyeji fedheha au polisi. Mwalimu mkuu aliyegundua kuwa sanduku la shule linapitishiwa magendo angelifunga kwa mtu huyo siku hiyohiyo, na hakuna mzee wa kijiji ambaye angemlaumu. Kwa lugha ya wanasheria, hapo palikuwa na ruhusa, palikuwa na mipaka ya ruhusa, na palikuwa na haki ya kuiondoa ruhusa, na mambo hayo matatu yalikamilika bila hati wala mhuri.

Simu ya upepo ilifuata njia ileile. Jina hilo watu wa bara waliipa mitambo ya redio ya mawasiliano ya pande mbili iliyokuwa katika vituo vya polisi, hospitali za misheni na ofisi za serikali mahali ambapo waya wa simu haukufika, na ni jina linalostahili sifa, kwa kuwa linaeleza teknolojia nzima kwa maneno matatu mepesi. Mtambo huo ulikuwa wa taasisi na ulikuwa na kazi zake rasmi, lakini katika dharura ya ugonjwa au kifo mwananchi aliweza kuomba ujumbe wake upitishwe, na mwendeshaji ndiye aliyeketi mbele ya kipaza sauti. Ombi lilitamkwa kwa mdomo, mbele ya mtu mwenye uso. Hilo ndilo jambo ambalo Wi-Fi imeliondoa, na ndilo linalofanya suala la leo liwe gumu kuliko yale ya zamani: kudandia mtandao hakumlazimu mtu kumwangalia mwenyeji machoni.

Mabadiliko ya taasisi yaliyofuata yanaweza kupitiwa kwa haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Posta na Simu lililokuwa la nchi tatu liligawanyika, na Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 1993 sheria mpya za mawasiliano na za utangazaji zilimaliza ukiritimba wa dola, shirika la zamani likagawanywa na kuzaa kampuni ya simu na shirika la posta lililosimama peke yake, na kuanzia mwaka 1994 kampuni za simu za mkononi zikaanza kazi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili kusimamia simu, utangazaji, posta na masafa ya redio chini ya paa moja. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapeleka uwezo huo mikoani. Butiama, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma Vijijini, ilipata hadhi ya wilaya mwaka 2012, na kwa sababu hiyo ofisi, halmashauri na nyumba za wageni ziliongezeka katika kijiji ambacho awali kilijulikana hasa kwa sababu Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo Oktoba 1999.

Kabla ya mkongo wa taifa kuenea, hata hivyo, mkoa wa Mara ulikuwa tayari umeandika ukurasa wake katika historia ya kutumia mtandao wa mwingine, na ukurasa huo haujulikani kadiri unavyostahili. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mradi wa utafiti uliojulikana kwa kifupi kama ICT4RD, uliowaunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo kikuu cha ufundi cha KTH cha Stockholm, uliichagua Serengeti kuwa eneo mojawapo la majaribio na kujenga mtandao uliopitia Bunda. Wahandisi wake hawakuanza kwa kuchimba mitaro. Waligundua kwamba Shirika la Umeme, TANESCO, lilikuwa na nyuzi za kioo zilizofungwa pamoja na njia zake kubwa za umeme kwa ajili ya kudhibiti mitambo yake, na kwamba uwezo mkubwa wa nyuzi hizo ulikuwa umelala bila kazi. Waliomba, wakaruhusiwa, na kutoka katika nyuzi hizo wakarusha mawimbi ya redio kuzifikia shule, hospitali na ofisi za umma ambazo hazikuwa na waya wowote. Kilichofanyika Bunda kilikuwa, kwa asili yake, kulitumia bomba la mtu mwingine lenye nafasi ya ziada. Tofauti kati yake na kudandia iko katika neno moja, nalo ni makubaliano. Yeyote anayedhani kwamba sheria na ukarimu ni maadui anapaswa kuutazama mradi ule, uliothibitisha kuwa mali ya mmoja inaweza kuwahudumia wengi pasipo mwenyewe kupoteza chochote, mradi ameulizwa.

Ili kuelewa kwa nini mtandao wazi umewasumbua mahakimu wa nchi nyingi, ni lazima kwanza kuelewa jinsi ruta inavyofanya kazi. Wi-Fi hutumia masafa ambayo, kufuatia uamuzi wa Marekani wa mwaka 1985, nchi nyingi ziliyaachia vyombo vya nguvu ndogo bila kumdai kila mtumiaji leseni yake, na kanuni zake za kiufundi zilikubaliwa kimataifa mwaka 1997. Ruta hutangaza jina lake hewani takriban mara 10 kila sekunde. Simu iliyo karibu hulisikia jina hilo na kuliorodhesha. Mwenye simu akilichagua, simu huomba kuunganishwa, na ruta isiyo na nywila hukubali, huipa simu anwani na kuifungulia njia. Kwa hiyo mtetezi wa aliyedandia anaweza kusema kwamba mteja wake alibisha hodi na akajibiwa karibu. Hoja hiyo ina mvuto, lakini ina udhaifu unaoonekana na yeyote aliyelelewa katika adabu za Kiswahili, ambaye anajua kwamba mlango ulio wazi hauondoi wajibu wa kubisha hodi, na kwamba karibu ya kweli hutoka kwa mwenye nyumba. Ruta hutoka kiwandani ikiwa imepangwa hivi au vile, na mwenye nyumba anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kujua kwamba inaweza kufungwa. Upande wa pili, mwenye mgahawa anayeuacha mtandao wazi kwa makusudi ili wateja waje huitumia ruta hiyohiyo, kwa mpangilio huohuo, na anayesimama barabarani na simu yake hana njia ya kumtofautisha yeye na yule aliyesahau.

Nchi zilizotangulia kukutana na tatizo hili zilitoa majibu yaliyogongana. Mahakama moja ya London ilimtoza faini ya pauni 500 mwaka 2005 mtu aliyetumia mtandao wa majirani zake bila idhini, na katika jimbo la Michigan, mwaka 2007, mtu aliyekuwa akiegesha gari karibu na mgahawa na kutumia intaneti yake alitozwa dola 400 na kupewa saa 40 za kazi za jamii. Nchini Ujerumani, mwaka 2010, mahakama ya mkoa ya Wuppertal iliamua kwamba kutumia mtandao usio na nywila si jinai, na mwaka huohuo mahakama kuu ya shirikisho ikamweka mwenye mtandao katika lawama kwa kutouwekea ulinzi, ikisema kwamba anaweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama iwapo wageni wameutumia kuvunja hakimiliki. Ufini iliondoa kosa hilo katika sheria zake mwaka 2011.

Tanzania ilijibu mwaka 2015. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge mwezi Aprili na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inasema katika kifungu chake cha 4 kwamba ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Kuingia kumetafsiriwa kwa upana, kwa namna inayojumuisha kuwasiliana na mfumo na kuitumia rasilimali yake yoyote, na mfumo wa kompyuta umetafsiriwa kuwa ni pamoja na mtandao, kwa hiyo ni vigumu kuona jinsi ruta ya nyumbani inavyoweza kubaki nje. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya thamani ya faida aliyoipata mkosaji, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 5 kinamgusa aliyeingia kwa ruhusa akaendelea kubaki baada ya muda wake kwisha, na cha 6 kinakataza kunasa mawasiliano yasiyo ya hadhara, jambo ambalo ni zito zaidi na halina ubishi, kwa kuwa kusoma barua ya mtu kulikuwa dhambi hata katika zama za sanduku la posta.

Kilichokosekana ni maelezo ya lini kuingia kunakuwa kinyume cha sheria pale ambapo hapakuwa na kizuizi chochote. Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001 kuhusu makosa ya mtandao uliziruhusu nchi kuweka sharti kwamba kosa la kuingia litimie pale tu ulinzi unapovunjwa, na Kenya, katika kifungu cha 14 cha sheria yake ya mwaka 2018, ililichukua sharti hilo. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetoka Kenya na kuvuka mpaka wa Sirari, katika mkoa huuhuu wa Mara, anatoka chini ya sheria inayotazama kama kufuli limevunjwa na kuingia chini ya sheria inayotazama kama ruhusa ilikuwepo. Sheria ya Tanzania, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, imesimama karibu zaidi na desturi ya hodi, na kwa hilo haistahili kulaumiwa. Inastahili kulaumiwa kwa ukali wa kiwango cha chini cha adhabu yake, ambacho hakimwachii hakimu nafasi ya kumtenganisha mwanafunzi aliyetaka kuona matokeo ya mtihani na mhalifu aliyejificha nyuma ya anwani ya mtu, na kwa ukimya wake juu ya namna ruhusa inavyotolewa. Mjadala mkali wa mwaka 2015 ulijikita zaidi katika vifungu vya taarifa za uongo na vya mamlaka ya polisi kupekua kuliko katika kifungu cha 4. Tena sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza, miaka sita kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ni haki kuuliza ni wangapi kati ya waliotakiwa kuitii waliweza kuisoma.

Ipo hoja nyingine inayotolewa na wanaotetea mitandao wazi, kwamba anga ni la wote na mawimbi yaliyoingia katika ua wa mtu ni yake kuyatumia. Hoja hiyo ina asili yenye heshima Tanzania. Katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa, Nyerere alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya mtu binafsi, kwa msingi kwamba binadamu hakuiumba na anachoweza kudai kuwa chake ni jasho alilolimwaga juu yake. Sheria za Tanzania bado zimeshika msingi unaofanana na huo: masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA kwa niaba ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamruhusu mtu mwenye njia halali ya kuufikia mto au ziwa kuchota maji ya matumizi ya nyumbani pasipo kibali. Lakini msingi huo ukifuatwa hadi mwisho unamtetea mwenye ruta. Ziwa ni la wote, na kila mkazi wa Musoma anaweza kushuka na ndoo yake. Pampu iliyonunuliwa kwa jasho, mafuta yanayoiendesha na tangi inalolijaza ni vya mwenyewe, na anayefungua bomba la tangi hilo usiku hawezi kujitetea kwamba maji yalitoka ziwani. Anga ni ziwa, na bando ni tangi.

Mzigo wa mwenye mtandao umeongezeka pia, na jambo hili hutajwa mara chache. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile zilizochukua nafasi yake mwaka 2020, ziliwataka wenye migahawa ya intaneti kuwasajili watumiaji kwa vitambulisho na kuweka kamera, na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 uliifunga kila laini na mtu mmoja anayejulikana. Katika mazingira hayo, polisi wanaofuatilia tusi au utapeli uliopitia mtandao wa nyumba fulani hufika kwanza kwa mwenye nyumba, kwa kuwa anwani iliyoonekana nje ni yake, naye ndiye anayelazimika kueleza ni nani mwingine aliyekuwa hewani. Mwenye sanduku la posta alimjua kila aliyemhifadhia barua. Mwenye ruta iliyo wazi hamjui hata mmoja. Kwa upande mwingine, serikali yenyewe imeanza kufungua mitandao ya bure katika baadhi ya maeneo ya umma, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, upo kwa ajili ya kuyafikisha mawasiliano mahali ambapo biashara haina faida. Kadiri mitandao ya makusudi inavyoongezeka ndivyo kijana anavyozoea kuamini kwamba kila jina lisilo na kufuli katika orodha ya simu yake limewekwa kwa ajili yake, na ndivyo ukimya wa kifungu cha 4 unavyozidi kuwa hatari kwa mtu asiye na nia mbaya.

Tiba yake haihitaji sheria nyingine ndefu. Bunge linaweza kuongeza katika sheria ya 2015 maelezo mafupi kwamba mtandao uliotangazwa na mwenyewe kuwa wa hadhara, kwa bango au kwa jina lake hewani, unahesabiwa kuwa na ruhusa, kwamba kuunganishwa na mtandao mwingine wowote bila idhini kunabaki kosa, na kwamba kosa la kwanza lisilo na madhara liwe na adhabu ndogo ambayo hakimu anaweza kuipima. Halmashauri, shule, zahanati, makumbusho ya Mwalimu pale Butiama na wenye nyumba za wageni hawana haja ya kulisubiri Bunge: jina la mtandao huandikwa na mwenyewe, na mwenye nia ya kuwakaribisha watu anaweza kuliandika neno Karibu ndani ya jina hilo leo, na asiye na nia hiyo akaweka nywila. Mpaka marekebisho hayo yatakapofanyika, mkazi wa Butiama anayetaka kutumia mtandao wa jirani yake, hata kama hauna nywila, amwombe kwanza, na jirani anayekubali atamke kwamba amekubali, kwa sababu chini ya kifungu cha 4 idhini hiyo ndiyo kinga pekee aliyo nayo mgeni.